Riwaya Isiyo na Kodi ya Nyumba

Kazimoto, yule msomi wa Euphrase Kezilahabi katika Kichwamaji (1974), anajiuliza maswali mazito: maisha yana maana gani, na mtu aliyesoma anawezaje kurudi Ukerewe akawa mmoja wa watu wake? Kodi ya nyumba haimnyimi usingizi. Simlaumu, mhitimu wa chuo kikuu wa miaka ile alikuwa akisubiriwa na kiti serikalini. Lakini mimi namsoma nikiwa Nduruma, ambako nimepanga kwa sababu kodi za mjini zimenishinda, na huruma anayoniomba hainitoki yote.

Arusha ni mji ghali kwa mtu wa mshahara. Watalii, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mashirika ya kimataifa vimewazoesha wenye nyumba wengi kuhesabu kwa dola. Wa kipato cha kati wanasogea pembeni, huku kwetu, ambako mashamba ya mahindi yanakatwa viwanja. Walimu, manesi na wahasibu wananunua, wanachimba msingi, wanajenga kidogo kidogo. Mapagale yamejaa. Moja jirani yangu lilifika kwenye lenta likasimama, mwaka ule mtoto wa mwenyewe alipoingia kidato cha kwanza shule ya bweni. Nondo zina kutu. Sebuleni pameota maboga.

Mtu huyu yuko wapi katika fasihi yetu? Katika Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na ugumu wa maisha ya mama yao tunauhisi hadi senti ya mwisho. Hapo Mbogo hana mpinzani. Ila mwalimu anayewafukuza watoto, yeye amepanga wapi? Anadaiwa na nani? Hatuambiwi.

Nadhani riwaya zetu zimerithi jicho la Azimio la Arusha. Mwaka 1967, azimio lililobeba jina la mji huu huu lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha au mishahara miwili, na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati walihesabiwa humo humo. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti. Fasihi haikulegeza. Anayetamani nyumba ya pili bado ni mlafi, asiye na kitu ndiye mwenye haki, na aliye katikati hapati hata sura moja.

Na visa vipo tele. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituingiza katika uchumi wa kati wa chini: pato kwa kila mtu lilikuwa dola 1,080, kizingiti 1,036. Dola 44 hizo ndizo zilizoshangiliwa. Mhitimu aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa elimu ya juu, kisha katikati ya mwezi anakimbilia kausha damu. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo mpangaji anaponunua umeme anailipia kodi nyumba isiyo yake. Nenda kamdai mama mwenye nyumba, uone. Mwandishi wa vichekesho angetaka nini zaidi?

Mahali nilipomkuta mtu wa mshahara akiandikwa kwa heshima si kwenye riwaya kabisa. Ni Barua za Shaaban Robert 1931–1958, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge. Tumezoea kumsoma Shaaban Robert kama mwalimu wa maadili wa taifa zima. Humu ni karani wa serikali ya kikoloni mwenye familia, wachapishaji na hesabu za fedha. Lugha ni ile ile yenye adabu, ila sasa ina kazi ya nyumbani. Kwangu ni maandishi hai kuliko Kusadikika, na najua nitabishiwa. Nazisoma upya tangu ya kwanza, penseli mkononi, nikipiga mstari kila panapotajwa shilingi.