Kwa Nini Dawa ya Kupanua Mboni Huja Mwisho

Maduka mengi ya miwani mijini hutangaza kwamba yanapima macho bure. Kinachopimwa pale ni miwani. Aliyeingia akishindwa kusoma ujumbe kwenye simu hutoka anausoma, hulipia fremu, na huamini kwamba macho yake yamekaguliwa. Kipimo kamili ni kazi nyingine, na njia nyepesi ya kukitambua ni kuangalia kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Karibu kila hatua inaweza kuivuruga nyingine, kwa hiyo mpangilio wenyewe una maana.

Maswali huja kwanza. Una kisukari? Kuna aliyepofuka kwa presha ya macho katika ukoo? Unatumia matone gani? Swali hili la tatu wengi hulijibu kijuujuu, wakati matone ya steroidi yanayonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mwasho, yakitumika kwa muda mrefu, hupandisha presha ya macho na huleta mtoto wa jicho.

Kisha chati, kabla jicho halijaguswa na tone wala kumulikwa kwa taa kali. Mholanzi Herman Snellen aliitoa mwaka 1862, na hesabu yake bado ndiyo inayotumika: 6/6 ni kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 6, 6/60 ni kuhitaji kusogea hadi mita 6 ili uone kile ambacho mwenzako anakiona akiwa mita 60. Asiyejua kusoma huonyeshwa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huelekeza vidole upande ambao miguu ya herufi hiyo inaelekea. Shida ni chumba. Kliniki nyingi hazina mita 6, hivyo hutumia kioo cha kuakisi, au chati iliyochorwa kwa mita 3. Njia zote mbili ni halali. Chati ya mita 6 ikitundikwa kwenye mita 4, hapo mgonjwa anapewa sifa asizostahili.

Kila jicho hupimwa peke yake, na aliyeshindwa mistari ya chini huwekewa kibao chenye kitundu cha milimita moja na kitu. Akisoma vizuri zaidi kupitia kitundu, tatizo lake kwa kawaida linahitaji miwani. Asipoboreka, mtaalamu ajue kwamba lenzi pekee pengine hazitatosha, na kwamba sababu itafutwe ndani. Kipande cha plastiki kisicho na umeme kimeshagawa wagonjwa mafungu mawili kabla mashine yoyote haijawashwa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoitumia kupima kliniki yenyewe: tochi. Mwanga ukiingia jicho moja, mboni zote mbili husinyaa, kwa sababu ubongo ukipokea taarifa hurudisha amri pande zote. Sasa mpimaji ahamishe tochi upesi kutoka jicho la kulia kwenda la kushoto, kisha arudi. Ikiwa neva ya jicho la kushoto imedhoofika, mboni ya kushoto itapanuka pale inapomulikwa, ingawa mwanga uko palepale, maana taarifa inayofika ubongoni imepungua. Mgonjwa hahitaji kusema neno, na hawezi kudanganya. Inachukua chini ya dakika moja, na inaweza kufichua neva iliyoharibika kwa mtu ambaye bado anasoma chati vizuri. Lakini ukishamwekea dawa ya kupanua mboni, kipimo hiki kimekufa kwa siku hiyo. Ndiyo maana tochi hutangulia dawa, na aliyeiruka hawezi kuirudia.

Miwani yenyewe sina mengi ya kuisemea. Mashine yenye picha ya puto mwisho wa barabara hutoa makadirio, tena kwa vijana mara nyingi huyapotosha, kwa sababu jicho changa hujikaza kutazama karibu na kuonekana lina tatizo la kutoona mbali kubwa kuliko lililo nalo. Makadirio hayo husahihishwa kwa lenzi za majaribio: “Mama, hii au hii?” Karatasi iliyochapwa na mashine ikipelekwa moja kwa moja kwa mkata vioo, hatua imerukwa.

Baadaye mgonjwa huweka kidevu kwenye hadubini ya mezani. Mwanga mwembamba hukata konea na lenzi, na mtoto wa jicho huonekana hapo. Presha hupimwa kwa tone la ganzi na rangi ya njano chini ya mwanga wa buluu. Kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Namba hiyo isikutulize sana. Konea nyembamba huifanya isomeke chini kuliko ilivyo, na wapo ambao neva yao huharibika presha ikiwa chini ya 21. Ule mwanga mwembamba hupima pia nafasi kati ya konea na duara la rangi la jicho. Nafasi ikiwa finyu sana, dawa ya kupanua inaweza kuziba njia ya maji na kupandisha presha ghafla. Hii ndiyo sababu nyingine ya tone hilo kusubiri.

Hatimaye linawekwa. Baada ya dakika 20 hadi 30 mboni iko wazi, na daktari anaona retina hadi pembeni, pamoja na kichwa cha neva na kishimo kilicho katikati yake. Kishimo kikiwa kimekula sehemu kubwa ya kichwa hicho, au kikitofautiana sana kati ya jicho na jicho, ugonjwa wa presha ya macho hushukiwa hata kama mgonjwa halalamiki chochote, kwa kuwa ugonjwa huo huanza kula pembeni ambako hatuzoei kuchungulia. Watu wenye asili ya Afrika huupata zaidi na mapema zaidi. Kwa mwenye kisukari, vidoa vya damu kwenye retina huonekana hapa, na kipimo hiki anakihitaji kila mwaka. Wengi huikataa dawa kwa sababu wataona ukungu kwa saa kadhaa na jua la nje litawachoma. Hawakosei; waje na mtu wa kuwasindikiza, na gari libaki nyumbani.

Kwa watoto mpangilio hugeuka. Dawa inayolegeza misuli ya jicho huwekwa kwanza, kisha miwani hupimwa, kwani bila hivyo mtoto hujikaza na kuwapotosha wote. Tochi bado hutangulia.

Kabla ya kuondoka, omba uandikiwe uwezo wa kuona wa kila jicho, presha pamoja na saa iliyopimwa, na ukubwa wa kishimo cha neva ukilinganishwa na kichwa chake, mfano 0.4. Mwakani daktari akikuta 0.6 kwenye jicho hilohilo, atakuwa na cha kulinganisha nacho.