Urefu Uliomo Ndani ya Kanuni

Kundi likitaka kuanza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, huulizana watacheza hadi lini, kisha jibu hutafutwa kwenye ratiba: nani ana nafasi Jumamosi, nani yuko safarini. Naona wanatafuta pasipo. Urefu wa mchezo umo katika fani yake. Soma kanuni, utazame zinatumia nini, na kama kinachotumika kinaisha.

Ten Candles wa Stephen Dewey, uliotoka 2015, unalionyesha hili waziwazi. Mishumaa kumi huwashwa, taa za chumba huzimwa, na wachezaji hupewa dadu kumi za pande sita. Mhusika akijaribu jambo la hatari, dadu zote zilizopo hurushwa. Ikitokea 6 hata moja, amefaulu. Kila dadu iliyoangukia 1 huwekwa kando hadi onyesho liishe. Isipotokea 6 yoyote, mshumaa mmoja huzimwa, onyesho hufungwa, na linalofuata huanza na dadu sawa na mishumaa inayowaka. Mshumaa ukizimwa na upepo, onyesho hufungwa vilevile. Msimulizi, yaani anayeuendesha mchezo, naye hupata dadu moja kwa kila mshumaa uliozimika. Wachezaji wakifaulu lakini yeye akapata 6 nyingi kuliko wao, yeye ndiye anayesimulia walivyofaulu.

Piga hesabu. Kwa dadu kumi, uwezekano wa kukosa 6 kabisa ni kama asilimia 16. Kwa dadu tano ni 40, kwa dadu moja ni 83. Ndiyo maana mwanzo hutambaa na mwisho huporomoka bila msimulizi kumhimiza mtu. Tena kanuni zinatangaza mapema kwamba hakuna mhusika atakayepona. Taharuki haitokani na swali la nani atabaki hai. Inatokana na kuona uwezo wa kusimulia ukiwatoka wachezaji, dadu baada ya dadu, ukihamia upande wa pili wa meza. Hapa fani na maudhui havitenganishiki: mchezo unaohusu kukata tamaa umejengwa kwa kanuni zinazopungua. Kuurefusha hadi wiki ya pili ni kuuharibu.

Lasers & Feelings wa John Harper ni mfupi kwa sababu nyingine. Kanuni zake ni ukurasa mmoja, na mhusika ana namba moja tu, kati ya 2 na 5. Jambo la akili na mitambo linataka dadu iwe chini ya namba hiyo. La moyo na maneno linataka iwe juu. Namba haibadiliki. Usiku mmoja unatosha kumjua mhusika huyo, na ukirudi wiki ijayo utamkuta palepale.

Sasa tazama Dungeons & Dragons, katika kitabu cha wachezaji cha 2014. Mhusika hufika ngazi ya 2 kwa pointi 300 za uzoefu, ya 3 kwa 900, na ya 20, iliyo ya mwisho, kwa 355,000. Pointi hizo hupanda tu. Na vile vinavyotumika, yaani uhai na uchawi, hurudi vyote mhusika akipumzika kwa muda wa saa nane. Hakuna kinachomchakaza moja kwa moja isipokuwa kifo, na hata kifo kina uchawi wa kukitengua. Kurasa zaidi ya 300, na hakuna kanuni inayosema hadithi imefika mwisho! Ndiyo sababu mchezo huu huvunjika mtu anapohama mji au anapopata kazi mpya: mwisho lazima utoke nje ya meza.

Huu naona ni upungufu wa kweli wa muundo, ingawa wapenzi wake huuita uhuru. Ila ngazi zenyewe zinatoa mahali pazuri pa kukata. Kwenye ngazi ya 5 mpiganaji hupata pigo la pili katika zamu moja, na mchawi anaweza kujifunza kurusha mpira wa moto. Aliyeanza akiwaogopa panya wakubwa sasa anaogopwa na kijiji kizima. Hayo ni mageuzi kamili ya mhusika, na pointi zinazohitajika ni 6,500 tu. Kundi likubaliane juu ya ngazi hiyo kabla ya kuunda wahusika, na msimulizi ampange adui mkuu akutane nao hapohapo, wakiwa na nguvu hizo mpya mkononi.