Wema Wenye Bei

Katika mchezo wa video uitwao inFAMOUS 2 yumo mtu anayeitwa Zeke Dunbar. Ni mnene, ana maneno mengi, na hana kipawa chochote cha ajabu. Katika mchezo uliotangulia alimsaliti rafiki yake, Cole MacGrath, kwa tamaa ya nguvu. Katika huu wa pili anaurudisha urafiki kidogo kidogo, kwa vitendo: anamuundia Cole silaha, anakaa naye juu ya paa wakinywa bia na kutazama televisheni, anabaki pale ambapo wengine wangekimbia. Saa zinapita, na unajikuta umeshamsamehe. Kisha, kama umeifuata njia fulani hadi ukingoni, Zeke anasimama mbele yako ameshika bastola, akijua fika kwamba haitamfaa kitu. Hadithi haisogei mpaka umuue. Wala tukio hilo hulitazami kama sinema ukiwa umekunja mikono. Unaachiwa padi mikononi, na mchezo unakingoja kidole chako.

Kumliza msomaji au mtazamaji ni kazi ambayo riwaya na filamu zimeimudu tangu zamani. Kumfanya mtu aone haya kwa jambo alilolitenda yeye mwenyewe ndani ya hadithi ya kubuni ni kazi nyingine, na mafundi wake si wengi. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Mafundi wenyewe ni kampuni ya Sucker Punch, iliyoanzishwa mwaka 1997 huko Bellevue, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Kwanza walijulikana kwa michezo ya Sly Cooper, mwizi mwerevu mwenye sura ya rakuni. Mwaka 2009 wakatoa inFAMOUS. Cole, kijana wa kupeleka vifurushi kwa baiskeli katika mji wa kubuni wa Empire City, anapewa mzigo ambao hajui ndani mna nini. Mzigo unalipuka, maelfu wanakufa, yeye anaamka akiwa na umeme mwilini. Juni 2011 ukaja mwendelezo, kwa mashine ya PlayStation 3.

Mwendelezo ni mtihani mgumu kwa mtunzi yeyote. Mara nyingi anayetunga sehemu ya pili huongeza tu kimo cha adui na wingi wa milipuko. Hawa walianza kwa kushindwa. Mchezo wa kwanza ulikuwa umemalizika kwa onyo: Kessler, adui aliyemtesa Cole na kumuulia mpenzi wake, alikuwa Cole mwenyewe aliyerudi kutoka siku za usoni, akimkomaza kwa ukatili ili aweze kupambana na Dubwana litakalokuja. Mchezo wa pili unapofunguka, Dubwana limeshafika. Cole analikabili kwa nguvu zote ulizomtafutia, anashindwa, na Empire City inapotea. Anakimbilia kusini, mji wa New Marais, na Dubwana linamfuata polepole likiangamiza miji ya pwani. Kila hadithi inapopiga hatua, umbali wake unatangazwa kwa maili, na namba inazidi kupungua. Unaweza kuzurura mjini utakavyo, kwa maana mji wote uko wazi mbele yako, lakini hakuna mzururo usiokuwa na namba ile kisogoni.

New Marais imechorwa kwa sura ya New Orleans, na hapa pana ufundi wa pekee. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilivunja kuta za kuzuia maji za New Orleans, na takriban asilimia 80 ya mji ikaingia majini. Miaka sita baadaye, ndani ya mchezo, kuna mtaa mzima uliozama uitwao Flood Town, wenye nyumba zilizobaki mapaa na watu waliosahauliwa juu yake. Kwa mashujaa wengi maji hayo yangekuwa mandhari tu. Cole, kwa kuwa ni umeme mtupu, maji yanamuua. Kwa hiyo katika mtaa ule kila kuruka kutoka paa hadi paa ni hatari, na msiba wa mji halisi unageuka kuwa udhaifu wa mwili wa mtu mmoja. Huruma haihubiriwi. Unaisikia kwenye vidole unapopima umbali kabla ya kuruka. Muziki nao haukuokotwa njiani: bendi ya Galactic, ya New Orleans yenyewe, ilishiriki kuutunga.

Tena, Cole hana umeme wake mwenyewe usiokwisha. Huuvuta kutoka kwenye taa za barabarani, transfoma na magari, na anapouvuta taa zinazimika. Sisi tunaoujua mgao, tunaojua namna mtaa unavyonyamaza ghafla feni zikisimama, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Nguvu ya shujaa imetoka nyumbani kwa mtu. Barabarani wamelala majeruhi: unaweza kuinama ukawaponya kwa mikono, au ukainama vilevile ukawanyonya uhai uliobaki ili ujaze wako. Mwili ni uleule, mahali ni palepale, ila kitufe ni kingine. Sijaona mfano mwepesi kueleweka kuliko huo wa tofauti kati ya kiongozi na mnyonyaji.

Chaguo hizi zina rangi. Wema ni buluu, uovu ni nyekundu. Na kadiri unavyotenda, umeme wa Cole na hata sura yake hubadilika. Watu wa mjini nao hubadilika, wengine wakimshangilia, wengine wakimrushia mawe. Kando yake wako wanawake wawili wanaovuta kila mmoja upande wake. Lucy Kuo, wakala wa usalama wa serikali anayepata kipawa cha barafu, hushauri subira na kuwalinda raia. Nix, mwenyeji wa New Marais mwenye kipawa cha moto, aliyeipoteza familia yake kwa mlipuko uleule uliompa nguvu, hushauri kisasi na njia ya mkato. Hata nguvu mpya utakazopata katikati ya safari hutegemea ni nani kati yao utakayemkubalia.

Nikiri kasoro moja, kwa kuwa sifa isiyokiri kasoro haiaminiki. Kwa sehemu kubwa ya mchezo chaguo hizi ni rahisi mno. Rangi inakueleza mapema lipi jema na lipi ovu. Mchezaji mwenye akili huchagua upande mmoja mwanzoni, kisha anakusanya alama kama mtoza ushuru, maana mwenye alama nyingi hupata nguvu nyingi. Nilipoucheza mara ya kwanza nilikuwa mwema kwa hesabu hiyo. Niliponya majeruhi nikitazama mshale wa buluu ukipanda. Wema wangu ulikuwa na faida kila siku, wala haukuwahi kunigharimu hata senti moja.

Sasa naamini kwamba wepesi huo ulikuwa sehemu ya mtego. Cole anahangaika kukusanya nguvu ili aweze kuuwasha mtambo wa RFI, uliobuniwa na mwanasayansi Sebastian Wolfe, ambao unasemekana ndio pekee utakaolishinda Dubwana. Wakati huohuo tauni inaenea, inaua watu wa kawaida, na haina dawa. Ndipo ukweli unafichuka. Dubwana ni mtu, John White, na haliui kwa kupenda kuua. Limetambua kwamba tauni itawamaliza wanadamu wote isipokuwa wachache waliozaliwa na vipawa vilivyolala, na likiangamiza mji linaviamsha vipawa hivyo ili wachache hao wabaki hai. Na mtambo wa RFI? Utaifuta tauni na kuwaponya mamilioni, lakini utamuua kila mwenye kipawa duniani, wanaojijua na wasiojijua, na Cole akiwa mmoja wao.

Rangi bado zipo, buluu na nyekundu, lakini hazikusaidii tena. Wema uliokuwa ukikutajirisha leo unadai roho yako, na si yako peke yako: unadai roho za watu ambao kosa lao ni kuzaliwa walivyozaliwa. Uovu nao, kwa mara ya kwanza, una hoja.

Hapo ndipo mafundi hawa walipofanya jambo ninaloliheshimu kuliko yote. Kuo, sauti ya tahadhari na huruma, anakwenda upande wa Dubwana. Hataki kufa. Alichukuliwa mateka, akateswa, akageuzwa bila ridhaa yake, na sasa anaambiwa afe ili wengine wapone. Anaogopa, na woga wake unaeleweka. Nix, sauti ya moto na kisasi, anabaki kupigana na Dubwana hadi anajitoa mhanga. Kwa saa nyingi nilidhani mmoja wao ni wema na mwingine ni uovu. Kumbe walikuwa watu. Kuo alikuwa mwema kwa sababu wema ulikuwa haujamfikia mfukoni, sawasawa na mimi niliyekuwa nikihesabu alama. Hadithi ilinionyesha sura yangu kwa kupitia kwake, bila kunitolea hotuba hata moja.

Na mhubiri yupo, ila hakupewa kauli ya mwisho. Ni Joseph Bertrand, tajiri anayeongoza wanamgambo wa New Marais, anayesimama jukwaani kuwalaani wenye vipawa kuwa ni machukizo, ilhali mwenyewe anacho kipawa kinachomgeuza kuwa jinyama la kutisha. Anachokichukia kwa wengine ndicho kilichomo ndani yake. Watunzi wamemweka pale ili tujue kwamba maneno ya maadili ni mepesi kinywani, na kipimo cha mtu ni alichokubali kukipoteza.

Mara ya kwanza niliuwasha mtambo. Cole alikufa, na Zeke ndiye aliyeusindikiza mwili wake majini kwa mashua. Mara ya pili nikaifuata njia nyekundu ili nijue kilichoko huko, nikijiambia kwamba ni mchezo tu. Njia hiyo ndiyo iliyonifikisha mbele ya Zeke na bastola yake. Nilikaa muda mrefu padi ikiwa mapajani. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Sikuwahi kuuhisi uzito wa methali hiyo kama nilivyouhisi siku ile, kwa sababu hapakuwa na wa kumlaumu. Hakuna mwandishi aliyemuua Zeke, wala mwongozaji wa filamu. Nilimuua mimi.

Wako wanaosema michezo hii ni upotevu wa muda wa vijana, na ipo ambayo ni upotevu kweli. Ninawaomba wasiihukumu sanaa nzima kwa kazi zake duni, kama tusivyoihukumu riwaya kwa vijitabu vibovu. Na kwa vijana wetu wanaojifunza kuunda michezo kwa Kiswahili nina ombi moja. Msimlipe mchezaji kila anapotenda mema. Mfikisheni mahali ambapo wema unamgharimu kitu alichokwisha kukipenda, kisha mnyamaze, mumwache achague.

Sucker Punch walipoandaa mchezo uliofuata, inFAMOUS Second Son wa mwaka 2014, iliwabidi waamue ni mwisho upi kati ya miwili uhesabike kuwa ndio wa kweli. Walitazama takwimu za wachezaji wenyewe. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa wameuwasha mtambo, wakakubali kufa ili wasiowajua wapone. Basi ikaandikwa hivyo: Cole MacGrath alikufa New Marais, kwa uamuzi wa waliomshika mkono.