Mapengo Matatu: Tahakiki ya Wasifu wa Bi Kidude katika Kamusi Elezo Huru

1.0 Utangulizi

Kamusi elezo zinazoandikwa kwa ushirikiano na mashabiki zimekuwa ghala kubwa la kumbukumbu za sanaa pendwa. Mwaka 2003 zilianzishwa mbili zinazohusika hapa. Ya kwanza ni Memory Alpha, inayoshughulikia tamthiliya ya Star Trek. Ya pili ni Wikipedia ya Kiswahili, ambamo wapenzi wa taarabu na Bongo Fleva huandika, bila malipo, wasifu wa waimbaji wao. Tahakiki hii inachunguza namna kanuni za Wikipedia zinavyomudu wasifu wa Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Bububu, Unguja, tarehe 17 Aprili 2013. Hoja kuu ni kwamba mapengo ya wasifu huo si ya aina moja. Lipo pengo la kisichojulikana, pengo la kisichoandikwa na pengo la kilichositiriwa. Kanuni za kamusi elezo huyachukua yote matatu kuwa pengo moja linalosubiri kujazwa, na hapo ndipo udhaifu wake unapoanzia.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Tahakiki inaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani mawazo ya Wolfgang Iser. Kwa mujibu wa Iser, matini huwa na mapengo, na msomaji hushiriki kuunda maana kwa kuyajaza. Kamusi elezo imeligeuza wazo hilo kuwa utaratibu wa kazi: makala fupi huitwa mbegu, na msomaji hualikwa aikuze. Hata hivyo, Iser alijikita zaidi katika riwaya, ambamo pengo huachwa na mwandishi na ujazaji wake hubaki akilini mwa msomaji. Katika wasifu wa mtu aliyeishi, pengo lina mwenyewe, na anayelijaza huwajazia pia wasomaji wengine wote. Kwa sababu hiyo, nadharia inatumika hapa pamoja na swali ambalo Iser hakulazimika kuliuliza: ni nani mwenye haki ya kujaza?

3.0 Uchambuzi

3.1 Pengo la kisichojulikana

Mwaka wa kuzaliwa Bi Kidude haujulikani. Simulizi yake iliyonukuliwa mara nyingi ni kwamba alizaliwa zama za rupia. Kwa Zanzibar, kauli hiyo haitoshi kutaja mwaka, kwani rupia ilitumika hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Lakini si kauli tupu. Ni namna ya kuhesabu wakati kwa zama badala ya kalenda, na inamweka msemaji ndani ya uchumi na utawala fulani.

Muundo wa makala ya wasifu haupokei hesabu ya namna hiyo. Juu ya makala huwekwa jedwali lenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa, na nafasi hiyo inataka tarakimu. Makisio yakishawekwa humo, hunakiliwa kwingine yakiwa yamepoteza neno “takribani”, na hatimaye hurejea yakiwa chanzo cha kuthibitisha makala iliyoyazaa. Kosa si la shabiki anayekisia. Jedwali halikumwachia mahali pa kuandika kile ambacho mwenye wasifu alikisema mwenyewe.

3.2 Pengo la kisichoandikwa

Wikipedia hudai kila taarifa iwe na chanzo kilichochapishwa, na hukataza utafiti mpya wa mwandishi mwenyewe. Kanuni hii isibezwe. Mfano wa Bububu yenyewe unaitetea. Wapo wanaosimulia kwamba jina hilo limetokana na mlio wa treni iliyotoka mjini hadi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Simulizi inapendeza, lakini Sayyida Salme, yaani Emily Ruete, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, kabla ya reli kujengwa. Hapa maandishi yanairekebisha simulizi, na kamusi elezo inafanya kazi yake ipasavyo.

Tatizo hujitokeza pale ambapo maandishi yenyewe hayakugawanywa kwa usawa. Siti binti Saad ana wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili na Shaaban Robert. Shabiki anayeandika kumhusu ana pa kuanzia ndani ya lugha yake. Umaarufu wa Bi Kidude katika maandishi umetokana kwa kiasi kikubwa na tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005, filamu ya Andy Jones iitwayo As Old as My Tongue, na magazeti ya nje. Kanuni ya chanzo inamwelekeza mwandishi huko. Matokeo yake ni wasifu unaomwona msanii akiwa safarini Ulaya, huku jirani yake wa Bububu akiwa hana hadhi ya kunukuliwa.

Mashabiki wa Star Trek hawana shida hii. Kwao kazi yenyewe ndiyo chanzo, na kila mmoja anaweza kuitazama upya ikiwa vilevile. Taarabu haina uthabiti huo. Wimbo Kijiti ulioimbwa na Siti ulipita pia kinywani mwa Bi Kidude, na kila utendaji ni matini yake. Anayeushuhudia utendaji ndiye anayeijua matini hiyo, lakini ushahidi wake huhesabiwa kuwa utafiti mpya na hukataliwa.

3.3 Pengo la kilichositiriwa

Bi Kidude alikuwa pia somo wa unyago. Mafunzo ya unyago hutolewa kwa mwari, kwa wakati wake, na mtu aliyepewa jukumu hilo, wanaume hawaingii. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe aliipandisha ngoma ya unyago katika majukwaa ya hadhara. Jambo hilo halifuti mpaka, bali linaonyesha kwamba mpaka ulikuwa mikononi mwake: yeye ndiye aliyeamua kipi kitoke na kipi kibaki ndani.

Leseni huria ya Wikipedia inampa mtu yeyote ruhusa ya kunakili na kubadili maudhui. Kikishaingia humo, kilichositiriwa hakina tena somo wa kuamua nani asikie. Hivyo uhuru unaotajwa katika jina la kamusi elezo huru ni uhuru wa msomaji, wala si wa mwenye maarifa. Ukimya wa makala kuhusu mafunzo ya ndani usisomwe kuwa upungufu. Ni sehemu ya ukweli wa wasifu.

4.0 Hitimisho

Tahakiki imebainisha kwamba kila pengo linadai tendo lake. La kwanza liandikwe jinsi lilivyo, kauli ya zama za rupia ikiwekwa mahali pa mwaka wa kubuni. La pili lizibwe kwa kurekodi wazee kwa ridhaa yao na kuzihifadhi sauti zao katika taasisi kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ili zipate kunukuliwa. La tatu liachwe, na makala ieleze kwamba limeachwa kwa heshima. Kazi ya pili ndiyo ya haraka zaidi, kwa kuwa waliomsikia Bi Kidude akiimba nje ya jukwaa wanapungua, na kamusi elezo haiwezi kumnukuu aliyekwisha kuondoka bila kurekodiwa.