Barua kwa Lugha ya Ugenini: Kuwasoma Upya Sayyida Salme na Wenzake

Wahenga walisema kuwa mgeni ni kuku mweupe. Methali hii kwa kawaida hunenwa na wenyeji, nao humnena yule anayetazamwa. Ni nadra kumsikia kuku mweupe mwenyewe akieleza jinsi macho ya watu yanavyomchoma. Kwa sababu hiyo barua za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, zastahili kusomwa upya na wapenzi wa fasihi wa pwani. Zisisomwe kama masalio ya kasri tu. Zisomwe kama kazi ya fasihi inayomhusu mtu mzima aliyelazimika kujifunza upya kusema, kula, kuvaa na kunyamaza katika nchi isiyo yake.

Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan na Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, mjini Aden, alibatizwa na kuolewa siku moja na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na safari ya kaskazini ikaanza. Kumbukumbu zake zilichapwa Berlin mwaka 1886 na kumpa umaarufu, lakini kitabu hicho kina habari nyingi za nyumba ya baba na machache juu ya Ujerumani. Yaliyobanwa humo yamo katika barua. Barua hizo hazikuchapwa katika uhai wake. Mswada wake ulihifadhiwa Leiden, pamoja na maktaba ya mwanawe Rudolph, hadi E. van Donzel alipozitoa kwa Kiingereza mwaka 1993. Chapa ya Kijerumani ilifuata mwaka 1999.

Nguvu ya barua hizi imo katika mambo madogo. Mwandishi hapotezi wino kuusifu au kuulaani Uzungu kwa jumla. Hutazama milango inayofungwa mchana kutwa, yeye aliyekulia katika nyumba za baraza na ua. Huitazama baridi inayoingia mwilini na isitoke, meza yenye vyakula ambavyo dini yake ya awali ilivikataza, na nguo za karamuni zinazoacha wazi mabega ya wanawake mbele ya wanaume. Hueleza watu waliogeuza shingo njiani ili wamwone vizuri. Mambo haya angeweza kuyasema msafiri yeyote wa siku tatu. Tofauti ni kwamba msafiri huyasema ili astaajabishe, ilhali Salme huyasema akijua kuwa kesho ataamka papo hapo, na kesho kutwa vilevile.

Kuhusu lugha, barua hizi zina ushahidi adimu. Mazungumzo yake na mumewe yalianzia katika Kiswahili, lugha ambayo mfanyabiashara huyo aliipata Unguja. Basi mume alipokwenda kazini, Kiswahili nacho kilitoka mlangoni, na bibi wa nyumba akabaki na watumishi ambao hawakuelewana naye hata kwa neno. Mtoto wa Mfalme, aliyejifunza kuandika kwa siri utotoni wakati mabinti hawakufundishwa kalamu, alirejea kuwa kama bubu. Mwezi Agosti 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Tangu hapo Kijerumani hakikuwa tena pambo la kumfurahisha mume. Sheria ya Hamburg iliweka wasimamizi juu ya mali na watoto wa mjane, na asiyeisoma lugha ya karatasi hizo hana pa kujitetea. Katika kurasa hizi somo la lugha ni suala la riziki, na baadaye mwanafunzi huyohuyo aligeuka mwalimu, akifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Msomaji wa ushairi hatakosa kukumbuka utendi mwingine wa zama hizo. Karibu mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake wosia wa jinsi ya kuishi na Mungu, na mume na watu. Mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, aliyempinga Sayyid Said, baba yake Salme. Nyumba mbili zilizokuwa na uhasama zilitoa wanawake wawili walioshika kalamu. Mwana Kupona anaandika kutoka ndani ya mila, kwa yakini ya mama anayejua kila chumba cha nyumba anayoieleza. Salme anaandika kutoka mahali ambapo wosia kama ule haumfai mtu: hakuna jirani wa kumwamkia kwa desturi anayoijua, wala hajui ni lini anyamaze na lini acheke. Ukizisoma kazi hizi mbili bega kwa bega, wosia huonekana kuwa na thamani zaidi, na barua huonekana kuwa na upweke zaidi.

Hata hivyo lipo fumbo katika kiini cha barua hizi. Zimeelekezwa kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, lakini zimeandikwa kwa Kijerumani. Huyo rafiki angezisomaje? Baadhi ya wasomaji watasema kuwa ni mbinu tu ya kutunga. Jibu hilo halitoshi. Mwandishi ameijifunza lugha ya ugenini kwa ukamilifu hata uchungu wake wa nyumbani haupati tena lugha nyingine ya kuandikwa. Ufasaha wake ndio kipimo cha umbali wake.

Wenzake waliofuata walikuwa na fumbo la kinyume. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1891, katika chuo cha lugha za mashariki kilichowaandaa watumishi wa koloni, na habari zake za huko zilitolewa na C. G. Büttner mwaka 1894. Selim bin Abakari, Mngazija, aliandika safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896, nayo ikachapwa na Carl Velten mwaka 1901. Hawa waliandika kwa Kiswahili, lakini msomaji wa kwanza aliyewasubiri alikuwa Mjerumani. Salme ana msomaji wa nyumbani asiyeweza kumsoma. Wao wana lugha ya nyumbani iliyotiwa katika sanduku la mgeni. Historia ya nathari ya Kiswahili inayowahesabu Amur na Selim na kumwacha Salme mlangoni kwa sababu ya lugha yake inapima gome na kusahau mti.

Hapa methali nyingine huletwa kama hukumu: mwacha asili ni mtumwa. Imetumiwa mara nyingi dhidi ya Salme, na yeye mwenyewe katika maandishi yake hajisafishi; hukiri kuwa ubatizo ulimkuta bila mafundisho na kumwacha bila utulivu wa moyo. Lakini methali hudhani kuwa asili hukaa mahali pake ikimngoja aliyeiacha. Mwaka 1885 alirejea Unguja kwa meli ya Kijerumani, na nduguye Sayyid Barghash alikataa kuonana naye. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtungaji wa Desturi za Wasuaheli, alioa Berlin, na alipojaribu kurudi na mkewe Mjerumani mwaka 1905, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka. Mmoja alizuiwa na ndugu, mwingine na mtawala. Wote wawili walikuwa wamejifunza kuishi kwa watu, na wote wakakuta bandari ya kwao imefungwa.

Sifa hizi zisifiche dosari. Jicho la Salme ni kali Hamburg na laini Mtoni. Anahesabu kila mlango uliofungwa mbele yake, lakini watumwa waliobeba maji, waliopepea na kulea katika nyumba za baba yake hupita nyuma ya pazia. Katika Kumbukumbu alithubutu hata kuutetea utumwa wa nyumbani. Ugeni ulimfundisha jinsi inavyouma kutosikilizwa, ila haukumrudisha nyuma kuwauliza wale ambao wao nao waliletwa Unguja kutoka mbali, wakajifunza lugha mpya bila ya hiari, na hawakuachiwa kalamu.

Pamoja na hayo, barua zinabaki hati yenye ukweli mzito juu ya maisha ya mgeni. Jambo linalosubiriwa ni kuzisoma kwa Kiswahili kinachostahiki, kazi ya mfasiri mwenye sikio la ushairi. Zitakapofika katika lugha hiyo zitakuwa zimemfikia yule rafiki wa Unguja, aliyeandikiwa tangu mwanzo.