"Kilio Chetu": Chetu Nani?

Tangu Novemba 2024 siwezi tena kuisoma tamthiliya ya Kilio Chetu kama nilivyoisoma darasani. Tarehe 16 mwezi ule ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafariki. Saa za mwanzo, kabla mitambo mikubwa haijaletwa, waliopanda juu ya kifusi ni watu wa pale pale sokoni, vijana wengi, wenye nyundo na wenye mikono mitupu. Zaidi ya 80 waliokolewa. Nikajiuliza: katika vitabu tulivyosomeshwa, kijana wa namna hii yuko wapi?

Haya, tuifungue tamthiliya. Medical Aid Foundation waliitoa miaka ya 1990, UKIMWI ukiwa unafagia nyumba hadi nyumba, na kwa miaka mingi ilisomwa sekondari. Mama Suzi hataki watoto waambiwe mambo ya mapenzi. Baba Anna anamweleza binti yake ukweli. Suzi anapata mimba, Joti anaugua, Anna anasalimika. Lugha ni ya mtaani kwetu, huhitaji kamusi. Na ujasiri wake tusiubeze: wakati ule mzazi kutamka kondomu mbele ya mwanawe ilikuwa sawa na kutukana.

Ila jina la kitabu linanisumbua. Hicho kilio ni chetu, sawa, lakini kinawaendea nani? Wazazi: tuambieni, tutakwisha. Mabishano mazito, yale tuliyoyakariri kwa ajili ya mtihani ("taja na ufafanue dhamira"), wamepewa wakubwa. Hata Anna anasalimika kwa kuwa baba yake alisema. Angezaliwa nyumba ya pili, basi tena. Kijana hapa ni mtungi tu: ukijazwa unafaa, usipojazwa unapasuka.

Najua nitajibiwa, ah, ile ni tamthiliya ya kuelimisha, unataka nini zaidi? Nataka ukweli wote wa janga lenyewe. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko huko wazazi walipoondoka, watoto wakubwa ndio waliobaki wakilea wadogo zao. Mwaka 2000, Nshamba wilayani Muleba, mayatima wa miaka 13 hadi 20 walianzisha chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa na viongozi wao na akiba yao. Kulikuwa na mradi wa watu wazima nyuma yao, sikatai. Lakini waliokaa kikao ni wao.

Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama N'tilie (2002), anasogea karibu zaidi. Zita na Peter wakikosa shule wanaingia jalalani kuokota, na mwandishi anaiona ile kazi kuwa ni kazi. Hata hivyo anawatazama kwa huruma nyingi mno kiasi kwamba akili yao ya kupanga na kugawana haipati nafasi.

Ninayemtafuta ni mwandishi wa rika letu, wa huku huku Kariakoo, atakayeanzia pale Kilio Chetu ilipofunga pazia. Suzi ana mimba. Wazee wamemaliza kubishana, wamechoka, wamekaa barazani. Onyesho la kwanza: nani anachota maji?