Samaki wa Udongo Mweusi

Masika yakikolea, njia ya kutoka Dakawa kwenda Turiani hupita kwenye mbuga za udongo mweusi uliojaa madimbwi, na milima ya Nguru iko mbele yako. Kiangazi kikifika maji yote yamekwisha, udongo umepasuka nyufa. Katika madimbwi ya namna hii, bonde lote la Wami hadi pwani, huishi samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius, urefu wa kidole. N. steinforti wa Kimamba, Kilosa, alitambulishwa kisayansi mwaka 1977, N. guentheri wa Unguja alitangulia, 1893. Dume wa Unguja ana magamba ya buluu yenye kingo nyekundu na mkia mwekundu kama damu. Sijaona samaki wa maji baridi mzuri kumzidi.

Wako watu Ulaya na Marekani wanaowafuga sebuleni, na ufundi wao naustahi sana, kwa sababu sehemu yake ngumu hufanyika pasipo maji. Tangi dogo linatosha, pamoja na viluwiluwi vya mbu kwa chakula. Chini huwekwa bakuli la mboji laini au usumba wa nazi uliochemshwa. Dume na jike hujipenyeza humo wakataga yai mojamoja. Kisha mfugaji huutoa usumba, huukamua kwa kiganja mpaka ukifinywa ushikane, ukiachiwa utawanyike. Huufunga kwenye mfuko, huandika tarehe, huuweka kabatini miezi kadhaa. Mayai husafiri hivyo hivyo kwa posta, ndani ya bahasha.

Yai lina upana wa milimita moja hivi. Lililo tayari, ukilitazama kwa lenzi, macho ya kijusi yamezungukwa na pete ya dhahabu. Likimwagiwa maji ya baridi, huanguliwa kwa saa chache. Mengine hubaki yamelala, na mfugaji hodari hautupi usumba: huukamua tena, akangoja. Mbugani tabia hiyo ndiyo inayokiokoa kizazi pale mvua ya vuli inapojaza dimbwi siku chache kisha ikakatika.

Natamani shule moja ya Turiani iwe na tangi kama hilo, wanafunzi wakusanye samaki wachache kwa ruhusa ya mwenye shamba, kabla dimbwi halijageuzwa jaruba la mpunga. Na samaki wa Wami wasimwagwe Ruvu, maana kila moja la mabonde hayo mawili lina aina zake.